Uziwi wa muda: ni kipi hasa kinachopita?

Mtu akitoka kwenye tamasha masikio yanavuma, wenzake humwambia asihofu, ni uziwi wa muda tu, kesho utakuwa umeisha. Neno hilo nimelisikia hata kwa mafundi mitambo wa muziki, watu wanaoshinda mbele ya spika. Linanisikitisha, kwa sababu wao ndio wenye haja kubwa zaidi ya kuelewa tofauti iliyopo kati ya usikivu kurudi na sikio kupona.

Maana yenyewe ni fupi. Kizingiti cha usikivu ni sauti ndogo kabisa ambayo sikio linaweza kuinasa. Kelele kubwa hukipandisha, na sauti ndogo hazisikiki tena. Kikishuka kikarudi kilipokuwa baada ya saa au siku kadhaa, uziwi huo huitwa wa muda. Kisiporudi, ni wa kudumu. Kilichopimwa hapo ni kizingiti tu.

Kwa miaka mingi wataalamu nao waliamini kwamba kizingiti kikirudi, sikio limepona. Mwaka 2009 Sharon Kujawa na Charles Liberman wa Boston walichapisha jaribio walilofanya kwa panya waliowekwa kwenye kelele ya desibeli 100 kwa saa 2. Wiki 2 baadaye vizingiti vilikuwa vimerudi, na zile seli zenye vinyweleo zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara zilikuwa hai. Lakini walipohesabu sinapsi, yaani viungio kati ya seli hizo na nyuzi za neva ya kusikia, walikuta kwamba katika eneo la koklea (kiungo cha sikio la ndani chenye seli hizo) linalopokea sauti nyembamba karibu nusu yake zimetoweka. Miezi ilivyopita, seli za neva zilizokatiwa mawasiliano zikaanza kufa polepole.

Kipimo kilishindwaje kuona hasara kubwa kiasi hicho? Nyuzi za neva ya kusikia si za aina moja. Ziko zinazoamka kwa mnong'ono, na ziko zinazosubiri sauti kubwa. Mwaka 2013 uchunguzi kwa simbilisi ulionyesha kwamba hizi zinazosubiri ndizo zinazoumia zaidi. Kipimo cha kawaida cha hospitali huuliza swali moja: umeusikia mlio huu mdogo? Nyuzi za mnong'ono zinatosha kujibu ndiyo. Zile nyingine hudhaniwa kusaidia kufuata maneno ya mtu mmoja katikati ya makelele, kama ndani ya daladala, kwa hiyo anayesema "nasikia lakini sielewi" asiambiwe kwamba anajidekeza kwa vile kipimo chake ni kizuri.

Tusiichukue ile nusu ya panya tukaipachika kwenye sikio la binadamu. Masikio yetu hayadhuriki kirahisi kama ya panya, na sinapsi za mtu aliye hai bado hazihesabiki moja kwa moja.

Utafiti wa dawa za kukinga masikio dhidi ya kelele nao unaguswa. Dawa ikipimwa kwa kizingiti pekee, inaweza kuonekana imefaulu ilhali viungio vimekatika. Jaribio la panya lililochapishwa mwaka 2020 na watafiti wa Iowa na St. Louis lilihesabu sinapsi zenyewe. Seli zenye vinyweleo hupeleka ishara kwenye neva kwa kutumia kemikali iitwayo glutamati, na kelele ikizidi glutamati hufurika na kuumiza ncha za neva. Kemikali iitwayo IEM-1460 iliziba baadhi tu ya milango inayoingiza kalisiamu kwenye ncha hizo. Panya waliendelea kusikia, na sinapsi zao zikalindwa. Hiyo ni kazi ya maabara. Hakuna kidonge cha namna hiyo kilichoidhinishwa kwa ajili ya watu.

Kwa hiyo ukimfariji mwenzako asubuhi baada ya tamasha, mwambie usikivu wake wa sauti ndogo umerudi. Usimwambie masikio yamepona, na umsihi avae vizibo vya masikio atakapokwenda tena.