Nguva si samaki, na sange si panya

Dhana iliyoota mizizi zaidi hapa Lamu ni kwamba nguva ni samaki, na wapo wanaoamini hadi leo kuwa nusu yake ni mwanamke. Ukweli ni kwamba nguva ni mamalia: ana mapafu, huzaa mtoto mmoja baada ya mimba ya zaidi ya mwaka mzima, na humnyonyesha kwa chuchu zilizo karibu na kwapa. Mtazame anapoogelea: huupiga mkia juu na chini kama nyangumi, ilhali samaki huuchezesha kulia na kushoto. Mifupa yake ni mizito, na uzito huo humsaidia kutulia chini anapokula nyasi za bahari katika maji ya kina kifupi kama yale ya Kiunga. Hata hivyo, kila baada ya dakika chache hana budi kupanda juu kuvuta pumzi, kwa hiyo akinaswa na jarife, yaani wavu mkubwa wa kuvulia, hufa maji. Jike huweza kukaa miaka mitatu hadi saba kabla ya kuzaa tena, na ndiyo maana naona wavuvi waelezwe sababu hizi waziwazi badala ya kukatazwa tu.

Huko msitu wa Arabuko-Sokoke, kusini mwa Malindi, sange mwenye manyoya ya dhahabu sehemu ya nyuma hudhaniwa kuwa panya kwa sababu ya umbo lake na pua yake ndefu. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kuwa jamaa zake ni tembo, pimbi na huyo nguva. Anapomwona adui aliye mbali kidogo, hupigapiga mkia kwenye majani makavu ili kumjulisha kuwa ameshaonekana.

Si kweli pia kwamba kila mamalia huzaa mtoto: kinyamadege wa Australia, mnyama mwenye mdomo kama wa bata, hutaga mayai, kisha akanyonyesha.

Popo naye si ndege. Bawa lake ni mkono wenye vidole virefu vilivyounganishwa kwa ngozi, wala si kipofu, kwani popo walao matunda wana macho makubwa yanayoona vizuri gizani. Maua ya mbuyu hufunguka usiku, na popo hao ndio miongoni mwa wachavushaji wake wakuu, hivyo anayewafukuza kwa kuwaona wezi wa maembe huenda anaupunguzia mbuyu wake mabuyu.