Kabla hujamwaga chupa nyingine ya bakteria kwenye kakao

Ndugu zangu wa Kyela, na nyie wa Kilombero mnaoongeza mashamba sasa hivi, hebu tuelewane. Tangu mwaka 2024 bei ya kakao soko la dunia ilipovuka dola 10,000 kwa tani, kila mwenye chupa anapita vijijini kuuza "bakteria wa mizizi", halafu mimi ndo naulizwa: mtaalamu, nimemwaga chupa mbili mbona mti uko vilevile? Leo najibu wote kwa pamoja.

Dhana: bakteria wazuri wanatoka dukani

Hii ndo inanichosha kuliko zote.

Bakteria unao tayari. Gramu moja ya udongo mzima ina mamilioni kwa mamilioni, inaweza kufika hata bilioni, na zile milimita chache zinazozunguka mzizi ndo wanajazana zaidi kwa sababu mzizi unavuja sukari na asidi, yaani mti wenyewe unawalisha. Na wala sio teknolojia mpya kama jamaa wa chupa anavyokwambia, Mjerumani Lorenz Hiltner alilipa jina eneo hilo la kuzunguka mizizi mwaka 1904. Wakishalishwa wanafanya kazi: kwenye udongo wenye asidi fosforasi inakuwa imeshikwa na chuma na aluminiamu, mti hauipati, bakteria wanatoa asidi zao wanaiachilia. Wengine wanatengeneza homoni ya kukuza mizizi, wengine wanatoa sumu za kuwazuia fangasi wabaya wasisogee.

Sasa wewe unaleta wageni wa kwenye chupa. Wanakuta wenyeji wamejaa, chakula hakuna, baada ya wiki chache wamebaki wa kuhesabu. Umealika watu kwenye nyumba isiyo na unga unategemea nini?

Na unga umeutoa mwenyewe! Naingia shambani nakuta chini ya mikakao kumefagiliwa kweupe kama uwanja wa msiba, majani yamekusanywa pembeni yanachomwa, mwenye shamba anatabasamu anasubiri nimsifie usafi. Mzee wangu, hayo majani ndo mshahara wa bakteria. Mizizi inayolisha kakao iko juu juu, mingi ndani ya sentimita 20 hadi 30 za kwanza, kwa hiyo ukiondoa majani jua linapiga moja kwa moja, udongo unakauka, ukija na jembe ndo unaikata kabisa hiyo mizizi. Isitoshe vile vidudu vidogo vinavyochavusha maua ya kakao vinazaliana humo humo kwenye majani yanayooza na vigogo vya migomba, halafu unakuja kulalamika maua mengi matunda machache. Acha majani. Magugu fyeka, usilime chini ya mti.

Chupa nazo zenyewe... lebo ikisema Pseudomonas na imekaa miezi kwenye duka la bati, wengi wameshakufa, hawana ganda la kujifichia. Bacillus wanajitahidi kwa sababu wanatengeneza mbegu ngumu zinazovumilia joto. Af kuna watu wanachanganya chupa na kopa (dawa ya shaba ya kuzuia ukungu) kwenye bomba moja "kuokoa muda", kopa ni sumu ya bakteria jamani, umewaua kabla hata hujafika shambani. Na wengine wanamwaga kwenye shina wakati mizizi inayokula imesambaa mbali na shina, chini ya kivuli cha matawi.

Sisemi chupa zote ni utapeli. Kwenye kitalu, miche ikiwa bado kwenye viriba, mizizi michanga na udongo kidogo, hapo ukipata bidhaa iliyosajiliwa (mbolea uliza TFRA, mamlaka ya mbolea; dawa ya ugonjwa uliza TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) na ikawa haijaisha muda, jaribu, ila acha mistari kadhaa bila kuweka ili uone tofauti kwa macho yako. Ila kwa mti wa miaka kumi na tano pesa hiyo nunua samadi.

Dhana: kakao ina bakteria wa nitrojeni kama maharage

Hapana. Kakao sio jamii ya kunde, haina vile vinundu kwenye mizizi. Wapo bakteria wanaoishi huru wanaoshika nitrojeni kidogo lakini usiwategemee kwa mavuno. Ukitaka nitrojeni ya bure panda mgliricidia kama mti wa kivuli, huo ndo wenye vinundu, pogoa matawi uyaache chini. Ile dawa ya bakteria wa vinundu wanayopaka mbegu za soya, kuimwagia kakao ni kupoteza tu.

Dhana: bakteria ndo wanaozesha matunda, kwa hiyo tumwage kopa chini

Matunda yanayogeuka meusi na kuoza ni kazi ya Phytophthora, kiumbe kinachofanana na fangasi, na huyo sio bakteria. Kopa inapulizwa kwenye matunda. Ukimwaga kwenye udongo haiozi wala haipotei, inalimbikizana miaka na miaka na inaua walinzi wako. Tunda lililooza litoe shambani mapema, maganda yaozeshe mbali uyarudishe yakiwa mboji, yana potasiamu nyingi sana.

Dhana: maji yanayochuruzika kwenye kakao ya kuchachusha ni mbolea ya bakteria

Hao ni wa kutengeneza siki. Kwenye mizizi hawakai, na ile asidi ukiimwaga kila siku mahali pamoja unaunguza. Peleka kwenye lundo la mboji.

Dhana: mafuriko yakipita, weka urea haraka mti uamke

Hili ni la kwetu kabisa huku bondeni, mito ya Kiwira na Mbaka ikijaa. Udongo uliojaa maji hauna hewa, mizizi inakufa, na kuna bakteria wengine ambao wakikosa hewa wanaitumia nitrojeni ya udongoni na kuigeuza gesi. Sehemu ya urea yako itapotelea angani, nyingine itasombwa. Chimba mifereji kwanza, udongo upumue, urea baadaye. Na kama mfereji wa jirani ndo unamwaga kwako, hilo mpelekee mwenyekiti wa kitongoji, mimi na bakteria hatuhusiki.