Kufundisha mgogoro wa Waarabu na Wayahudi: mwalimu aanze na barua zenyewe

Wengi wanaamini huu ugomvi ni wa tangu enzi za Isaka na Ishmaeli, kwa hiyo mwalimu hana cha kufundisha zaidi ya kusema hawa hawajawahi kuelewana. Hapana jamani. Hili suala la nani atawale Palestina lina tarehe, lina barua na sahihi za watu, na mwalimu akipitishwa kwenye hizo karatasi hawezi tena kufundisha vile alivyozoea.

Chukua barua ya Balfour, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, 2 Novemba 1917. Jina lake kila mtu analijua, kuisoma ndo wachache, na ile sentensi yenye ahadi ni maneno 67 tu ya Kiingereza. Semina nzuri ya walimu inaipitia neno kwa neno. Wayahudi wanaahidiwa "makao ya kitaifa", neno dola halimo, halafu Waarabu ambao ndo walikuwa wengi pale hawatajwi hata kwa jina, wanaitwa jamii zisizo za Kiyahudi, na haki wanazolindiwa ni za kiraia na za dini, za kisiasa hakuna. Sasa weka pembeni yake barua ya McMahon, mwakilishi mkuu wa Uingereza kule Misri, kwa Sharif Hussein, mtawala wa Makka, 24 Oktoba 1915, inayoahidi uhuru wa Waarabu ila inayaacha nje maeneo ya magharibi mwa Damascus, Homs, Hama na Aleppo. Palestina imo au haimo? Fungua ramani, waache walimu wabishane kwanza wao kabla hawajaenda darasani.

Eti karatasi ikiwa halisi inajieleza yenyewe, nayo si kweli. Azimio 242 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa la 1967, Kiingereza kinataka Israeli iondoke kwenye maeneo iliyoyatwaa bila kubainisha kama ni yote, Kifaransa kinasomeka kama yote, na kaneno hako kanabishaniwa mpaka leo.

Na hii imani ya kwetu, kwamba Wayahudi walipewa Uganda, nayo si kweli: ofa ya Waingereza ya 1903 ilikuwa Uasin Gishu, leo ni Kenya, na Kongresi ya Wazayuni, yaani Wayahudi waliokuwa wakidai makao yao ya kitaifa, iliikataa 1905.

Inayoniuma zaidi ni ile imani ya kwamba ukisoma karatasi za upande wa pili umeshawasaliti wako. Mbona Sami Adwan, Mpalestina, na Dan Bar-On, Mwisraeli, walikaa na walimu wa pande zote mbili wakatunga kitabu cha shule, simulizi la Waisraeli upande huu, la Wapalestina upande ule, na katikati wakaacha nafasi tupu mwanafunzi aandike lake.