Taqueria: maana ya kula taco mahali pake

Ukifika kwenye taqueria ya mtaani katika Jiji la Meksiko, hakuna anayekuletea menyu wala kukuvutia kiti. Mpishi, ambaye kwa kazi yake anaitwa taquero, anainua kichwa mara moja na kuuliza maswali mawili kwa pamoja: ngapi, na za nini? Hilo la "za nini" ndilo lililobeba maana ya neno lenyewe. Taco si jina la nyama, si jina la mchuzi. Ni tortilla, yaani mkate laini na mwembamba, kwa kawaida wa mahindi, uliokunjwa juu ya kitu kinacholiwa kwa mkono. Hicho kitu ndicho unachotakiwa kukitaja.

Taqueria basi ni mahali panapouzwa taco. Lakini ya mtaani ina maana finyu zaidi, na watu wengi wanaoisikia kwa mbali hawaijui. Si mgahawa wa "vyakula vya Kimeksiko" kwa jumla. Ni mahali pa upishi wa aina moja, au mbili tatu zinazotokana na moto uleule. Anayepika kichwa cha ng'ombe kwa mvuke anauza shavu, ulimi na ubongo wa ng'ombe, basi. Anayekaanga nguruwe haulizwi habari za kondoo. Ukitaka kujua unachoweza kula, usitafute ubao ulioandikwa bei. Angalia chombo kilichopo motoni.

Sufuria kubwa ya shaba yenye mafuta ya nguruwe yanayochemka taratibu ni carnitas, nyama ya nguruwe, upishi uliopata sifa katika jimbo la Michoacán. Hapo hutaji nyama tu, unataja na sehemu: maciza ni mnofu, cuerito ni ngozi laini, buche ni tumbo, na surtida ni mchanganyiko kwa asiyetaka kuchagua. Kaango pana lenye kitovu kilichoinuka katikati, mafuta yamezunguka pembeni, ni suadero, nyama laini ya ng'ombe kutoka sehemu ya chini ya tumbo karibu na paja. Barbacoa, ambayo watu wa jimbo la Hidalgo wanajivunia, ni kondoo aliyefunikwa kwa majani ya mkonge wa huko uitwao maguey na kuachwa usiku kucha kwenye shimo lenye mawe ya moto; huliwa asubuhi za wikendi pamoja na supu iliyodondokea chunguni chini yake. Na mwenye baiskeli, kikapu nyuma, kitambaa na plastiki juu, anauza tacos de canasta, taco za kikapu. Hizo hujazwa viazi, maharage au ngozi ya nguruwe iliyokaangwa na kupondwa, zinamiminiwa mafuta ya moto, kisha zinajipika zenyewe kwa joto la kubanana humo ndani. Zinatoka zimelainika na zina jasho, na ndivyo zinavyotakiwa kuwa.

Chombo kinachovuta macho kuliko vyote ni trompo. Neno hilo kwa Kihispania ni pia, ile ya watoto kuchezea, kwa sababu nyama ikishapangwa kwenye mshikaki wa kusimama huwa pana juu na nyembamba chini. Inazunguka mbele ya moto, nyekundu, na nanasi limechomekwa kileleni. Taquero anashika kisu kirefu mkono mmoja na tortilla kwenye kiganja cha pili. Anakata kutoka juu kushuka chini, vipande vyembamba vilivyoungua pembeni vinaangukia moja kwa moja kwenye tortilla, halafu ncha ya kisu inaligusa nanasi, kipande kinaruka, na kiganja kilekile kinakidaka. Ni sekunde chache tu, na mteja wa pili tayari anataja idadi yake. Hii ndiyo taco al pastor.

Msomaji wa Mombasa, Zanzibar au Muscat atalijua umbo hilo papo hapo: shawarma. Na si kufanana tu, ni undugu wa damu. Wahamiaji kutoka Lebanoni, nchi iliyokuwa bado chini ya dola ya Waturuki, walianza kufika Meksiko mwishoni mwa karne ya 19. Katika mji wa Puebla nyama iliyochomwa kwa mtindo wao ikaanza kuuzwa ndani ya mkate bapa, na hadi leo watu wa Puebla wanaiita taco árabe, taco ya Kiarabu. Baadaye nguruwe alichukua nafasi ya kondoo, tortilla ikachukua nafasi ya mkate, na viungo vikawa pilipili kavu ya guajillo pamoja na achiote, mbegu nyekundu ambayo kwa Kiswahili ni mzingifuri, ileile ambayo wageni wa mashamba ya viungo Unguja hupakwa midomoni. Kilichobaki ni mshikaki unaozunguka, na jina: al pastor maana yake ni "kwa namna ya mchungaji".

Mwislamu ni vizuri ajue haya kabla hajanyoosha kidole. Al pastor na carnitas ni nguruwe. Suadero ni ng'ombe, lakini mafuta yake mara nyingi ni ya nguruwe, kwa hiyo haitoshi kuuliza nyama. Uliza na mafuta.

Sasa tortilla. Hapa namwomba msomaji asiharakishe, kwa sababu hapa pana jambo linalotugusa sisi tunaokula ugali.

Mahindi yalitoka huko. Wakulima wa bonde la mto Balsas, kusini mwa Meksiko, waliyapata kwa kuchagua mbegu za nyasi mwitu iitwayo teosinte, miaka ipatayo 9,000 iliyopita. Lakini watu wa Meksiko hawasagi mahindi makavu wakapata unga wa tortilla. Wanayachemsha kwanza kwenye maji yenye chokaa, chokaa ya jamii ileile inayopakwa kwenye jani la tambuu, kisha wanayaacha yalale humo usiku mzima. Asubuhi ganda la punje linateleza lenyewe, maji yamekuwa ya njano na yana harufu nzito. Mahindi yanaoshwa, yanasagwa yakiwa bado mabichi kwa maji, na kinachotoka ni donge linaloshikana bila ngano wala yai. Kazi hiyo ina jina la Kinahuatl, lugha ya Waazteki ambayo inasemwa hadi leo: nixtamal, kutoka nextli, majivu, na tamalli, donge la mahindi lililopikwa.

Chokaa hiyo haifanyi kazi ya kulainisha tu. Ndani ya punje ya mahindi mna niasini, vitamini B3, lakini sehemu kubwa imefungwa kiasi kwamba mwili hauwezi kuichukua. Chokaa inaifungua, na inaongeza kalisi juu yake. Mahindi yalipovuka bahari kwenda Ulaya na Afrika, mbegu zilisafiri, lakini ujuzi huu ukabaki nyumbani. Matokeo yake yalionekana kwa maskini waliokula mahindi karibu peke yake: ugonjwa wa pelagra, unaopasua ngozi, kuharisha watu na kuwavuruga akili. Ulisumbua kaskazini mwa Italia kwa vizazi, kisha kusini mwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, ambako daktari Joseph Goldberger alionyesha kuwa chanzo ni chakula, si vijidudu. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem akaonyesha kwamba kinachokosekana ni niasini. Na si habari ya mbali: mwaka 1990 maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua pelagra baada ya karanga kukatika kwenye mgao wao na kuachiwa mahindi. Anayekula ugali kwa samaki, nyama, maharage au karanga anaipata niasini kwenye kitoweo, kwa hiyo hana la kuogopa. Lakini wanawake wa Meksiko ya kale, bila maabara, walikuwa wamelitatua tatizo ambalo madaktari wa mabara mengine walikuja kuhangaika nalo karne nyingi baadaye. Mimi kila nikiifikiria hiyo chokaa nawavulia kofia.

Ndiyo maana nasema taqueria inapimwa kwa tortilla kabla ya nyama. Donge linabanwa kuwa duara la upana wa kiganja, linawekwa kwenye comal, chuma bapa kama kile cha chapati. Linageuzwa, linageuzwa tena, na likiwa limetengenezwa vizuri linavimba kama chapati inavyovimba, halafu linanywea. Linatoa harufu ya mahindi mabichi yaliyochomwa. Tortilla nzuri inakunjika bila kupasuka. Taco ikiwa na mchuzi mwingi taquero anaweka tortilla mbili, moja juu ya nyingine. Ile ya chini inazuia isivuje, na wengi huitoa na kuijaza vilivyodondoka wakapata taco ya nyongeza.

Kaskazini, hasa jimbo la Sonora, tortilla za ngano ni za asili kabisa, na nyama yake ni ng'ombe wa kuchoma kwenye mkaa. Kwa hiyo anayesema "ya ngano si ya kweli" anawaonea watu wa Sonora.

Vipi ile taco ngumu inayovunjika kama biskuti, yenye nyama ya kusaga, saladi na jibini ya njano? Ina ukoo wake. Meksiko yenyewe ina tacos dorados, taco zilizokaangwa, na familia za Kimeksiko za California zilizipika na kuziuza. Mitla Cafe ya San Bernardino ilifunguliwa mwaka 1937 na iliziuza. Glen Bell, aliyekuwa na kibanda ng'ambo ya barabara, alijifunza kutoka kwao, na mwaka 1962 akaanzisha Taco Bell. Siiti hiyo taco bandia. Naiita chakula cha Marekani chenye mama Mmeksiko. Tatizo linakuja pale mgahawa unapoining'iniza ukutani kofia pana, ukaandika "taco za asili za mtaani", halafu ukakuletea hiyo. Nimewahi kukaa kwenye mgahawa wa namna hiyo na kulipa bei ya taco kumi kwa taco tatu, na hapakuwa na ndimu mezani.

Ndimu si pambo. Wao wanaiita limón, lakini ni ndimu yetu hii ndogo ya kijani yenye mbegu. Inakata mafuta ya nyama, na bila hiyo taco ya tatu inakuwa nzito. Taquero akikuuliza "¿con todo?", na vyote?, anamaanisha vitunguu vilivyokatwa vidogo sana na majani ya kotmiri, giligilani kwa wengine, dania kwa Wakenya. Jibu ni ndiyo. Vingine unajiwekea mwenyewe kwenye kaunta: figili, tango, na salsa, yaani mchuzi wa pilipili, angalau mbili. Ya kijani hupikwa kwa tomatillo, tunda dogo chachu lililovaa ganda kama karatasi. Nyekundu hutokana na pilipili kavu. Usidhani ya kijani ndiyo ya watoto. Weka tone moja kwenye ncha ya taco ya kwanza, onja, ndipo uamue.

Uchache huu wa vitu si umaskini wa jikoni. Mwaka 2024, mwongozo wa Michelin, ule wa Ufaransa unaotunuku migahawa nyota, ulipoingia Meksiko, nyota moja ilikwenda El Califa de León, kibanda cha mtaa wa San Rafael kilichoanza mwaka 1968. Wanauza taco za aina nne tu. Ile inayowapa sifa, gaonera, ni steki nyembamba ya ng'ombe, chumvi, ndimu na tortilla iliyotoka motoni wakati huohuo. Hakuna kingine, na wateja wanakula wamesimama.

Kusimama kwenyewe kuna namna yake. Sahani ya plastiki inakuja imevishwa mfuko wa nailoni. Mteja akimaliza mfuko unatupwa na sahani inavishwa mwingine, maana mtaani hakuna bomba la kuoshea. Taco unaishika kwa vidole vitatu, ikiwa imelala. Usiinyanyue ikasimama, itakumwagikia. Inamisha kichwa wewe, viwiko mbele, mwili nyuma kidogo ili mchuzi udondokee sahanini. Agiza mbili mbili, usiagize sita kwa mpigo, kwa sababu tortilla iliyopoa ni chakula kingine.

Pesa hutoi mwanzoni. Unakula, unaongeza, unabadilisha nyama, na katika vibanda vingi hakuna anayeandika popote. Ukimaliza ndipo taquero anakuuliza umekula ngapi. Unataja idadi, anapiga hesabu kichwani, unalipa. Ukiondoka, waambie waliobaki wanakula "provecho", yaani mlo mwema, nao watakuitikia hata kama hawakujui.