Watamaki haijafutwa, imehama

Jana tena. Mpiga picha kaja na picha yake, kaikuta kwenye kalenda ya watu, ile faili kaipitisha kwenye programu ya kusoma watamaki (alama iliyofichwa ndani ya picha kuonyesha ni ya nani) ikasema hakuna kitu, basi yeye keshaamua: "wameifuta." Jamani hawajaifuta! Wameizungusha digrii 1 na kukata kingo, basi. Na kila anayesema imefutwa anakimbilia dawa ileile, ongeza nguvu ya alama. Utaongeza mpaka anga la picha lianze kuonyesha chengachenga na bado haitasomeka.

Hebu chukua picha ya pikseli 1000 kwa 1000. Kila pikseli imeongezwa au kupunguzwa mwanga kidogo sana kwa mpangilio unaotoka kwenye ufunguo wako, na programu inalinganisha mpangilio huo na picha, pikseli kwa pikseli. Sasa izungushe digrii 1. Pikseli ya kwenye kona imehama kama pikseli 12. Zilizohama chini ya pikseli moja ni zile tu zilizo ndani ya pikseli 57 kutoka katikati, yaani kaduara kadogo, kwingine kote alama imo vilevile ila programu inabisha hodi kwa jirani. Mwenyewe hata aitike kwa kelele kiasi gani, wewe umesimama mlango mwingine.

Hili si jipya. StirMark, programu ya kujaribu uimara wa watamaki, ilitoka Cambridge, Uingereza, mwaka 1997, inapinda picha kidogo tu, jicho halioni, na watamaki nyingi za wakati huo zikashindwa kusomeka.

Watu wataniambia Fourier, ile hesabu ya kuivunja picha kuwa mawimbi. Sawa, ukichukua magnitudi yake, yaani ukubwa wa kila wimbi, kusogeza picha hakuibadilishi, na ukiiweka kwenye log-polar, yaani kila nukta kwa pembe yake na logi ya umbali wake kutoka katikati, kuzungusha na kukuza vinakuwa kusogea tu. Hesabu tamu sana, naipenda, ila kuhamia huko lazima ukadirie thamani za katikati ya pikseli na alama inachakaa njiani, halafu upindaji wa StirMark unatofautiana sehemu na sehemu kwa hiyo hakuna pembe moja ya kurudisha.

Wengine wanasema jaribu pembe zote. Hapa ndo naumia kichwa. Pembe 3600 mara saizi 100 ni majaribio 360,000, na kila moja lina nafasi yake ya kusema "ndiyo" kwa bahati tu. Usipopandisha kizingiti, kile kiwango cha kufanana kinachoifanya programu iseme "ndiyo", utamshtaki mtu asiye na hatia, ukikipandisha unapoteza alama dhaifu ambazo ni za kweli, na mimi mpaka leo kizingiti nakipanga kwa wasiwasi.

Yule wa jana bahati nzuri orijino anayo. Tukashika kona za madirisha matatu kwenye picha zote mbili, tukakokotoa mzunguko na saizi, tukainyoosha, programu ikasoma jina lake mara ya kwanza.