Je, wajua kwa nini bodi ya faiba haikai sawa kwenye chasisi mara ya kwanza?

Uingereza na Marekani kuna watu wanaonunua gari likiwa vipande: bodi ya faiba kutoka kiwandani, injini na giaboksi kutoka gari kuukuu, na chasisi ambayo wengine huichomelea wenyewe nyuma ya nyumba. Siku ya kuiweka bodi juu ya chasisi karibu wote hulalamika vilevile. Upande wa kulia umekaa vizuri, wa kushoto umenyanyuka sentimita nzima, na mlango haufungi. Lawama ya kwanza huenda kiwandani. Mara nyingi inaonea, kwa sababu kupinda kidogo ni tabia ya faiba yenyewe.

Bodi hiyo hutengenezwa ndani ya kalibu. Kalibu hupakwa nta, kisha hupuliziwa jelikoti, yaani tabaka jembamba la nje linalobeba rangi na mng'aro, unene wake kama nusu milimita. Juu yake hulazwa mikeka ya nyuzi za kioo iliyoloweshwa resini ya poliesta, yaani gundi ya majimaji inayoganda, tabaka baada ya tabaka, hadi unene wa milimita tatu hivi. Resini huchanganywa na kigandishi, hupata joto, hukauka, na ikikauka husinyaa. Nyuzi za kioo hazisinyai. Kwa hiyo ndani ya kipande kimoja kuna kitu kinachovuta na kitu kinachokataa kuvutwa, na kipande kikitolewa kwenye kalibu ule mvutano hutafuta pa kutokea.

Hutokea zaidi kwenye kona. Ukingo uliochorwa kwa pembe ya digrii 90 huja ukiwa umejifunga kwa digrii moja au zaidi. Digrii moja yaonekana si kitu, lakini kwenye ukingo wenye urefu wa milimita 300 ncha yake imeshahama milimita tano. Na resini haimalizi kazi siku hiyo. Huendelea kukomaa kwa wiki kadhaa, na kipande kilichoegeshwa ukutani kwa upande mmoja kikaachwa miezi mitatu hujizoesha mkao ule. Ndiyo maana wazoefu huhifadhi bodi ikiwa imelala juu ya mihimili kama itakavyolala kwenye gari.

Chasisi nayo si malaika. Kila mshono wa welding ukipoa huvuta bomba upande wake, na fundi aliyechomelea upande mmoja wote kabla ya kugeukia wa pili atapata fremu iliyojipinda hata kama vipimo vyake vya awali vilikuwa sahihi. Sasa weka kitu kilichopinda juu ya kitu kilichopinda.

Aliyelikwepa tatizo hili kwa akili kuliko wengi, kwa maoni yangu, ni Bruce Meyers wa California. Alikuwa mtu wa baharini, aliyejifunza faiba kwenye kazi ya boti, na mwaka 1964 akatengeneza kigari cha kuchezea mchangani alichokiita Meyers Manx. Vichache vya mwanzo vilikuwa bodi tupu ya faiba iliyobeba kila kitu. Baadaye akabadilisha, bodi ikawa ya kukaa juu ya sakafu ya Volkswagen Beetle iliyokatwa na kufupishwa kwa zaidi ya sentimita 35. Mteja ndiye aliyeikata na kuichomelea upya, kwa hiyo makosa yalikuwa lazima. Lakini tazama umbo lenyewe: beseni moja, halina milango, halina bawaba, wala hakuna mwanya mwembamba wa kulinganisha na mwingine. Bodi ikihama milimita sita hakuna atakayejua. Mwaka 1967 Manx ilishinda mbio za jangwani za Mexican 1000, na waigaji wakajaa hata akashindwa kuwazuia mahakamani.

Anayejenga gari lenye milango hana bahati hiyo, na kwake kazi yote imo kwenye utaratibu. Kosa linalogharimu zaidi ni kutoboa mapema.

Kwanza chasisi isimame kwa magurudumu yake, si juu ya jeki, injini na giaboksi vikiwa ndani au uzito wa kiasi hicho ukiwa umewekwa. Chasisi tupu na chasisi yenye mzigo hazina umbo moja. Pima maji hupitishwa mbele, nyuma na pembeni, kisha uzi hukazwa katikati kutoka pua hadi mkiani. Bodi inapowekwa, hulinganishwa na uzi huo, halafu hupimwa umbali wa kila gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kulia na kushoto. Macho hudanganya hapa, maana karakana ya nyumbani haina sakafu sawa.

Inayofuata ni milango, ingawa moyo wa wengi hutamani kukaza boliti. Bodi ambayo haijafungwa bado hunyumbuka, ukiisukuma kwa mkono inafuata. Basi milango huwekwa kwenye bawaba, vijiti vya unene mmoja, tuseme milimita nne au tano, huchomekwa kwenye mianya yote, na bodi husogezwa hadi vijiti vyote vishike sawa. Boneti na buti hufuata. Mianya ikikubali, ndipo unapoangalia chini kuona bodi imebaki na nafasi gani dhidi ya chasisi.

Nafasi itakuwepo. Usiivute kwa boliti. Faiba haikunjiki kama bati. Ukiikaza juu ya uwazi inakubali leo, na baada ya miezi jelikoti inatoa nyufa zenye umbo la nyota kuzunguka kila tundu. Uwazi hujazwa. Chasisi hufunikwa kwa tepu ya plastiki iliyopakwa nta, resini iliyochanganywa na vipande vya nyuzi hujazwa kati, bodi hushushwa, na asubuhi una kikalio kilichochukua umbo la pengo lenyewe.

Kutoboa sasa kunaruhusiwa, kuanzia katikati kwenda nje. Tepu ya karatasi hubandikwa juu ya jelikoti, na drili huanzishwa ikizunguka kinyume ili ilikwangue tabaka la juu badala ya kulibandua. Boliti ya milimita 8 hupewa tundu la milimita 10 au 11, washa pana na mpira chini yake. Nafasi hiyo ina sababu: faiba ya namna hii hutanuka kwa joto kama mara mbili ya chuma. Bodi yenye rangi nyeusi ikiachwa juani mchana itataka kuteleza kidogo juu ya chasisi, na ikikosa njia itapasuka.

Kingo hukatwa kwa grenda, milimita tatu nje ya mstari, zinazobaki zikimalizwa kwa msasa. Barakoa hapa si ya mapambo, kwa sababu vumbi la kioo huwasha ngozi na kuumiza koo na mapafu. Ukikata kupita kiasi, au ukitoboa pasipo, faiba ina huruma ambayo bati halina: sehemu husagwa kwa mteremko, mikeka mipya hulazwa juu, na tundu linatoweka. Waunga boti na watengeneza bampa wa Afrika Mashariki wanaijua kazi hiyo vizuri.

Kisha kuna jambo linalowashangaza waliozoea magari ya bati. Bodi imekaa, taa zimefungwa, swichi inawashwa, giza. Kwenye gari la bati umeme hurudi kupitia bodi yenyewe. Faiba haipitishi umeme, kwa hiyo kila taa, honi na pampu inahitaji waya wake wa kurudi hadi kwenye chasisi au betri.

Rangi ndiyo ya mwisho, na wengi huichelewesha makusudi. Huliendesha gari kwa miezi kadhaa likiwa na jelikoti tupu, barabara ilitikise na jua liimalizie resini kukomaa, kisha hukagua mianya ya milango upya kabla ya kumwita mpiga rangi.