Vipokezi vya ubongo vinahama: maswali na majibu kuhusu kujifunza, kusahau na degedege

Hivi mtu akijifunza kitu, ni nini hasa kinabadilika kichwani?

Wengi wanadhani kila jambo jipya linaotesha seli mpya, sio hivyo. Seli za neva ni zilezile, kama bilioni 86, kinachobadilika ni nguvu ya mawasiliano pale seli mbili zinapokaribiana, panaitwa sinapsi. Pana kaupenyo ka nanomita 20 hivi, seli ya kwanza inamwaga kemikali, mara nyingi glutamati, na ya pili inaidaka kwa vipokezi, yaani protini zilizochomekwa kwenye utando wake. Sasa kemikali inaweza kuwa ileile kabisa lakini seli yenye vipokezi vingi pale inaupata ujumbe kwa nguvu, yenye vichache inaupata kwa mbali.

Kwani vipokezi havikai sehemu moja?

Havikai, na hapa ndo pananifurahisha kuliko pote. Mwaka 2002 watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, walibandika kipunje kidogo sana cha mpira kwenye kipokezi cha aina inayoitwa AMPA alafu wakakifuatilia kwa hadubini. Kinatangatanga juu ya utando, kinaenda huku kinarudi kule, kinasimama kidogo, kinaanza tena. Lakini kalsiamu ikipanda ndani ya seli, kinatulia palepale! Utando wa seli ni wa mafuta na haujaganda, ndo maana protini inaweza kuteleza namna hiyo.

Sasa nini kinavifanya vijazane kwenye sinapsi moja na sio nyingine?

Kuna kipokezi kingine hapo jirani, NMDA, ambacho mlango wake umezibwa na magnesiamu kama kizibo cha chupa. Ujumbe mdogo ukija AMPA vinafunguka, sodiamu inaingia, basi yameisha. Ila ujumbe ukiwa mkali au ukirudiwarudiwa, umeme wa seli unapanda mpaka kile kizibo kinasukumwa nje, NMDA inafunguka na kalsiamu inaingia, inaamsha kimeng'enya, yaani protini ya kuchochea kazi ndani ya seli, kinaitwa CaMKII, na hapo vipokezi vya AMPA vilivyokuwa akiba kwenye vifuko vya ndani vinapandishwa juu ya utando, vinateleza hadi kwenye sinapsi vinanaswa na protini za chini yake, mojawapo ni PSD-95. Sinapsi imeshaimarika hiyo. Kuimarika kwenyewe kulielezwa tangu 1973 na watafiti wawili, Bliss na Lømo, walifanya kazi yao kwa sungura kule Oslo, miaka mingi kabla mtu hajakiona kipokezi kikitembea.

Na kusahau je?

Ni njia hiyo kinyume. Kalsiamu ikiingia kidogokidogo kwa muda mrefu, vimeng'enya vingine vinashika kazi, AMPA vinaachiwa, vinateleza kutoka na seli inavimeza. Huo sio ugonjwa, ubongo unahitaji kupunguza pia. Kwa panya imeonekana wakilala vipokezi vya AMPA vinapungua kwenye sinapsi nyingi, kwahiyo usingizi ni kazi, usiuchukulie kama muda uliopotea.

Haya yote yananihusu nini mimi?

Yanakuhusu sana, haswa kama nyumbani kuna mtu wa kifafa. Kuna vipokezi vya GABA ambavyo kazi yao ni kutuliza, na dawa za kukata degedege kama diazepam zinafanya kazi kupitia hivyo. Degedege likiendelea, seli zinaanza kuvimeza hivyo vya kutuliza huku vya NMDA vikiongezeka juu, kwahiyo kila dakika inayopita dawa inabaki na pa kushika padogo zaidi. Ndo maana likifika dakika 5 halijakata linahesabiwa dharura, mtu apelekwe hospitali hapohapo, msisubiri liishe lenyewe. Angalia saa tangu linaanza, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, na tafadhali usimwekee kijiko wala kidole mdomoni.

Vipokezi vyenyewe vinaweza kuugua?

Ndio. Mwaka 2007 ulielezwa ugonjwa ambao kinga ya mwili inatengeneza kingamwili, yaani protini ambazo kawaida zinashika vijidudu, dhidi ya NMDA, zinavishika vipokezi viwili viwili na seli inavimeza ndani, sinapsi zinabaki bila. Mgonjwa, mara nyingi msichana au mwanamke kijana ambaye alikuwa mzima tu, ndani ya siku au wiki chache anaanza kuongea visivyoeleweka, anaona vitu, hatambui watu, mdomo na mikono inachezacheza yenyewe, alafu degedege. Wengine wanatibiwa kama wagonjwa wa akili na muda unapotea, inaniuma sana hiyo, kwa sababu kuna kipimo cha kutafuta hizo kingamwili kwenye maji ya uti wa mgongo na kwa wanawake kuna wakati chanzo ni uvimbe kwenye ovari unaoweza kutolewa. Akipewa dawa za kutuliza kinga mapema wengi wanapata nafuu kubwa, ila inachukua miezi, kwani kingamwili zikiondoka vipokezi vinarudi taratibu kwenye sinapsi zake, na ndugu anaanza kuwaita watu kwa majina yao tena.